Mwaka Ngozi Yangu Ilipobaki Nyuma

Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai. Tangu asubuhi ni yale manyunyu ya Julai ambayo hayanyeshi wala hayaachi, na baridi imeingia mpaka kwenye unga. Nimerudi nyumbani Kawangware sasa hivi kutoka Kibera, viatu viko mlangoni na matope ya Kisumu Ndogo, nami nimekaa na daftari nikiwa nimejikasirikia. Tulikuwa kwa matanga ya Mama Akinyi. Mzee wa kanisa aliyeongoza mkutano alinyanyua mkono akasema, “Wapendwa, tuko na dada yetu Nduku hapa. Huyu dada alikuwa amelala kwa kitanda, amebaki mifupa na ngozi, madaktari wameshindwa. Mama Akinyi akaingia kwa hiyo nyumba, akaomba. Dada, simama utoe ushuhuda.” Nikasimama. Sikuwahi kulala kwa kitanda. Hakuna daktari aliyeshindwa. Mifupa ilikuwa imefunikwa vizuri tu. Ngozi, hiyo sikatai, ilikuwepo, na ilikuwa nyingi kuliko mahitaji. Lakini watu wote walikuwa wamenigeukia na nyuso zao za msiba, na mwili wa mama wa watu uko mochari unangoja kusafirishwa, nami nikasema, “Bwana asifiwe. Ni kweli walikuja. Na waliomba.” Kisha nikakaa. Wakapiga makofi mpaka hema likatikisika na maji yakatumwagikia shingoni. Sijui kama nilidanganya. Kila neno nililosema ni la kweli, na nimekuja njia nzima nikihisi kama mwongo. Kwa hivyo naandika hapa, ambapo hakuna mtu wa kuniitikia amina.

Mimi niliachia darasa la saba, na kila nikiandika naogopa nimekosea mahali. Lakini nilikuwa naandika hata mwaka ule, kwa daftari la mwanangu Mutheu la hesabu ambalo alikuwa amelimaliza upande mmoja. Pale daftari linaposema, nitafuata. Pale lilipokaa kimya, nitasema sikumbuki.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilikuwa mnene. Sisemi hivyo kwa kujidharau. Pale Kambi Muru, upande wa Kibera nilikokuwa nakaa, mwili wangu ndio uliokuwa bango la kibanda. Nilikuwa napika chapati na madondo, maharagwe ya mchuzi, asubuhi kwa watu wa mjengo, na mpishi akiwa mnene watu wanaamini sufuria yake. Shida ilikuwa magoti. Kufikia Krismasi nilikuwa siwezi kuchuchumaa kuwasha jiko bila kushikilia ukuta. Kulikuwa na nesi mmoja, mama mzima mwenye miwani ya kufungwa na kamba, alikuwa na kliniki ndogo huku Kawangware karibu na mahali nilipokuwa nanunua maharagwe. Alinibonyeza magoti akasema, “Hii si ya dawa. Punguza mzigo, magoti itakushukuru.” Basi nikaanza. Niliacha soda. Niliacha zile kingo za chapati nilizokuwa nadonoa huku nikipika, tangu saa kumi na moja asubuhi, bila kujua nakula, kama kuku. Nilianza kutembea kwa miguu kuja Kawangware kuchukua maharagwe na kurudi nayo mgongoni. Kama ningeishia hapo labda nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilipoona sketi imelegea nilipata pupa, nikaanza kuruka chakula cha mchana, halafu cha jioni pia. Nesi hakuniambia nifanye hivyo. Hiyo niliongeza mwenyewe.

Sasa, chama. Tulikuwa wanawake kumi wa kuchangiana pesa, tunakutana Jumapili baada ya kanisa, kwa zamu, na mwenye nyumba anapika. Mtu hawezi kwenda kwa nyumba ya mwenzake kwa chama akakataa chakula. Ukikataa umesema moja kati ya mawili: ama yeye ni mchafu, ama wewe unaona atakuwekea kitu. Na kusema ati “nataka kupungua” ilikuwa aibu ya namna nyingine. Watu walikuwa wanalala njaa vyumba viwili kutoka kwangu. Nani angenielewa kwamba mimi chakula ninacho na sikitaki? Kwa hivyo Jumapili ya kwanza, kwa Mama Akinyi mwenyewe, sahani ya ugali na samaki ikiwa tayari mbele yangu, nilisema, “Nisameheni, nimefunga.” Sahani ikaondolewa kwa heshima. Mama Akinyi, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, hata akiwa ananong’ona, akaniuliza, “Unafungia nini, mama?” Nikajibu, “Ni kitu kati yangu na Mungu.” Nilijiona mjanja sana siku hiyo. Daftari linasema: *Nimetoka kwa Mama Akinyi bila kula na hakuna aliyekasirika.* Nilifunga hivyo Jumapili baada ya Jumapili, tangu Januari mpaka shule zikafungwa kwa likizo ya Agosti, na kila Jumapili wale wanawake walikuwa wananitazama na kukisia ni jambo gani hilo zito ambalo Mungu anachelewa kujibu.

Kufikia Agosti mwili ulikuwa umeondoka na ngozi ikabaki. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kuhusu hilo. Nilidhani ngozi hufuata mwenyewe, kama mbwa. Nilikuwa naoga kwa beseni nyuma ya pazia, nikiinama tumbo linashuka mbele yangu kama leso iliyolowa, na shavu lilikuwa limeingia ndani mtu akafikiri nimeng’olewa magego. Lakini mbaya ilikuwa mikono. Kazi ya chapati ni mikono. Unasukuma mbele, unarudisha, na kila nikisukuma, ile ngozi ya chini ya mkono ilikuwa inaenda upande wake na kurudi kwa wakati wake. Wateja walisimama pale wakingoja, hawana kitu kingine cha kutazama. Nilianza kuvaa sweta hata jua likiwaka, jiko liko hapa, jasho linanitoka, na jasho pia lina maana yake kwa watu wanaokutafutia ugonjwa.

Niliyasikia maneno yenyewe asubuhi moja nikichagua maharagwe ndani, na vijana wawili wa mjengo wako upande wa pili wa mabati hawajui niko. Mmoja akasema, “Buda, mimi sikuli hapa tena. Umecheki huyo mathe vile ameisha?” Mwingine akasema, “Si alikuwa tu mnono juzi?” Wa kwanza akasema, “Ndiyo hiyo sasa. Ile kitu inaanza na mashavu.” Wakaenda. Sikuhitaji kuambiwa ni kitu gani; miaka ile ya ukimwi ulikuwa unapita kwenye vichochoro unaona nani amekonda, na baada ya miezi unaona hema la matanga. Wiki iliyofuata nilipika chapati sitini kama kawaida na nikabaki na zaidi ya nusu. Wafula, fundi wa mawe aliyekuwa ananiletea kikosi chake chote, alikuja peke yake akasimama mbali kidogo na meza. “Mama Mutheu, usinichukulie vibaya. Mimi sina shida. Ni vijana.” Nikamwambia, “Na wewe leo unakula?” Akaangalia saa ambayo hakuwa nayo mkononi. Nataka kumtendea haki: alikuja kuniambia usoni. Wengine walibadilisha njia tu. Lakini kibanda hicho ndicho kilikuwa kodi, na shule ya Mutheu, na taa, na kila kitu, na nilijua kabisa kwamba ngozi hii isiporudi mahali pake kabla ya Krismasi, sitakuwa na kibanda.

Hapo ndipo kila mtu Kibera akageuka daktari wa ngozi. Sherry wa saluni alisema nipake ute wa yai, ukikauka unavuta. Ni kweli unavuta. Unavuta dakika kumi, halafu unanawa na ngozi inakumbuka inakokaa. Jirani akasema masalio ya kahawa, nisugue kwa kuzunguka. Nilijisugua mpaka nikawa mwekundu na bado nikawa nimelegea. Mama Akinyi mwenyewe aliniletea jani la alovera kubwa kama panga na chupa ndogo ya mafuta ya nazi, akasema, “Paka asubuhi na jioni, yawa, hata kwa shingo.” Hakuniuliza ni ya nini wala mimi sikumwambia. Mafuta yalilainisha ngozi, hilo nalikubali, iliacha kuwasha na kuchanika. Lakini ngozi laini iliyoning’inia bado inaning’inia. Na alovera ina harufu, na harufu ile juu ya chapati ilinifukuzia hata wale wachache waliobaki. Sherry akarudi na jipya: jifunge nailoni tumbo na mikono, utoe jasho, kazi ya wiki mbili. Mutheu, aliyekuwa na miaka minane, alisimama mlangoni akinitazama nikijipaka yai la tatu. “Mama,” akasema, “hilo si ni la kukula?” Nikamfokea. Daftari linasema nilimfokea, na linasema pia kwamba usiku huo alikula chapati za kubaki kwa siku ya sita mfululizo.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa sikwenda kanisani. Nilikuwa nimeamua kujifunga vizuri, mchana kutwa, bila haraka. Nilikuwa nimekaa kitandani, nailoni kutoka kiunoni mpaka kifuani, nailoni mikononi, ute wa yai umekauka usoni siwezi hata kutabasamu, niliposikia hodi, na kabla sijajibu pazia likafunguliwa. Waliingia tisa. Chumba kilikuwa futi kumi kwa kumi, na kitanda, na meza, na jiko. Walikuwa wamebeba unga, sukari, maziwa, sabuni ya kipande na mafuta ya kupikia, vile tunavyokwenda kuona mgonjwa. Walipoona nailoni walisimama. Mmoja akasema polepole, “Woi, wamemfunga bandeji ya karatasi,” na Mama Akinyi akaweka mkono mdomoni, machozi yakamtoka pale pale. Nikasema, “Jamani, ngojeni. Mimi si mgonjwa.”

“Amina!” wakasema.

“Hapana, nasema ukweli. Sina ugonjwa wowote.”

“Kiri, dada! Kiri uponyaji wako!”

“Mama Akinyi, nisikize. Mimi si mgonjwa!”

“Sema tena!” Mama Akinyi akalia, ameninyanyulia mikono. “Sema tena shetani asikie!”

Mpaka leo sijui mtu angefanya nini. Kadiri nilivyokataa ndivyo nilivyokuwa na imani. Nilipokasirika na kupaza sauti, wakaona ni roho imenishukia. Niliposhindwa nikanyamaza, wakaona nimechoka kwa ugonjwa. Wakaniwekea mikono, nailoni ikawa inalia chwaka chwaka kwa kila ombi, na yai likaanza kupasuka usoni mwangu na kuanguka vipande vipande, na mmoja wao, nilimsikia kwa masikio yangu, akamnong’oneza mwenzake, “Ona, hata ngozi inatoka.” Waliondoka baada ya saa nzima. Wakaniacha na unga na sukari na jina la mgonjwa, lililothibitishwa na chama chote.

Kesho yake nilikuja Kawangware kwa miguu, kwa hasira, sikumbuki hata njia. Nilimwambia nesi anipime kila kitu kinachopimika na anipe barua. Alinipima. Hakukuwa na kitu. Nikamwambia sasa aandike. Akanitazama juu ya miwani. “Barua utaibandika wapi? Kwa sufuria?” Kisha akavuta ngozi ya mkono wangu kwa vidole viwili, akaiachia, akaitazama inavyorudi. Akasema ngozi iliyotanuliwa miaka kumi haikunjwi kwa wiki mbili, na kwamba mimi nimejiharakishia mwenyewe kwa kuruka chakula: badala ya kupunguza mafuta peke yake nimekula mpaka nyama yangu ya mkono, na ndiyo maana hakuna cha kuijaza. “Unajipaka yai?” Nikasema ndiyo. “Kula hilo yai. Kula maharagwe yako, kula omena, kunywa maji. Beba mitungi, beba kwa mikono yote miwili, inyanyue polepole. Mafuta ya nazi paka ukipenda, haitakudhuru, lakini haitakukaza. Na nailoni toa, utajiunguza.” Nikamuuliza itachukua muda gani. “Mwaka. Labda miwili. Wewe bado kijana, itarudi kiasi. Yote? Hapana, mama. Yote haitarudi, na mtu akikuambia kuna jani la kuirudisha yote, huyo anakuuzia jani.” Nilimchukia. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia ukweli tangu Januari, na mimi mwenyewe nikiwemo kwenye hesabu hiyo, na nilitoka kwake nikimchukia kwa sababu mimi sikuwa na mwaka.

Nilipitia Kisumu Ndogo nikamkuta Mama Akinyi nyuma ya meza yake ya omena. Nilimwambia kila kitu, kwa sauti, mbele ya watu: kwamba amenimaliza, kwamba ni yeye, kama nilivyosikia, aliyesimama kanisani akaomba watu waje kwangu, kwamba kibanda changu kinakufa. Alinisikiza mpaka mwisho huku mkono wake unaendelea kuchagua uchafu kwenye omena. Kisha akasema, “Nilikuwa na sisters wawili. Wa kwanza alianza kukonda, nikamuuliza, akaniambia ni diet. Nikacheka. Wa pili akaanza kukonda, akaniambia ni stress ya kazi. Nikanyamaza. Wewe umekonda, nikakuuliza, ukaniambia umefunga. Nifanye nini, Nduku? Ninyamaze mara ya tatu?” Akaendelea, “Sasa niambie. Nani alidanganya mwenzake?” Nikasema ni mimi. “Na ulikuwa unafanya nini?” Nikasema, kwa sauti ndogo sana sasa, “Nilikuwa nataka kupungua.” Aliacha kuchagua. “Kupungua? Kwa hiari yako?” Akanitazama kutoka juu mpaka chini, na nikaona kicheko kinapanda kutoka tumboni mwake akikizuia, hakizuiliki. “Yawa! Watu wanatafuta mwili, wewe unamwaga? Na kwa chama yangu ukakataa samaki? Samaki yenye ilikuwa na nyanya hivyo?” Alicheka mpaka akashika meza. Nilitaka kumpiga. Daftari linasema, *Nilitaka kumpiga na omena.*

Kesho yake saa moja asubuhi, wakati watu wa mjengo wanapita, alikuja kwangu na kiti chake cha kukunja. Alikiweka mbele ya kibanda, si pembeni, katikati ya njia kabisa, akakaa akatandaza miguu. “Lete chapati. Na uchanganye na madondo, usinionyeshe ubahili.” Nikampakulia. Akasema, “Na wewe kaa hapa. Kula.” Nikasema nina kazi. “Kazi gani? Uko na mteja?” Basi nikakaa, tukala kutoka kwa sahani moja, vidole vyake na vyangu kwenye mchuzi mmoja, na kila anayepita akawa anaitwa kwa jina: “We, Wafula! Unaenda kula hizo mandazi za chuma? Kuja huku!” Wafula akapita mbio kichwa chini. Siku ya pili alikuja tena na kiti. Siku ya tatu nilimwambia awaambie watu kwamba sikuwa mgonjwa hata kidogo, nesi amenipima, ni ngozi tu. Akaniambia atawaambia. Nilikuwa nageuza chapati nilipomsikia akimwambia mtu, kwa ile sauti yake, “Huyu? Huyu tulimwombea. Si unaona anakula? Aliinuka siku hiyo hiyo.”

Nilisimama na chapati mkononi. Ningeweza kusema. Ndiyo sehemu ninayorudia kila mara, na ndiyo iliyonikalisha chini leo kwenye hema. Yule mtu, ambaye angekimbia kama angemwona mwanamke aliyekonda anayesema yuko sawa, alimtazama mwanamke aliyeponywa na akasogea karibu. Akanunua mbili. Ngozi yangu ilikuwa ile ile, inabembea vile vile. Lakini sasa ilikuwa ngozi ya mtu anayerudi, na watu wanakula kwa mtu anayerudi. Nikachukua pesa yake, nikamfungia chapati kwa gazeti, nikanyamaza. Nimenyamaza karibu miaka ishirini sasa. Sitaki kumlaumu Mama Akinyi kwa hilo. Yeye aliamini alichosema, na hata nikimweleza mara mia, aliamini. Anayejua ni mimi. Kuhusu mikono, nesi alikuwa sahihi zaidi kuliko nilivyotaka: ilichukua mwaka na nusu wa kubeba mitungi na kula kama mtu mwenye akili, na ikarudi kiasi. Tumbo halikurudi. Hata leo nikiinama linakuja kuangalia ninafanya nini.

Siku ya nne ya kile kiti, Ijumaa, Wafula alikuja na kikosi chote, watu kumi na mmoja, wakasimama foleni bila kuniangalia usoni, na mmoja wao akaninyooshea mkono kunisalimia, akaushika mkono wangu kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Saa tatu unga uliisha. Sufuria ya madondo niliikwangua. Mama Akinyi alikunja kiti chake, akasema amenenepa kwa ajili yangu na nitamlipa mbinguni, akaenda zake. Mutheu alipotoka shule alifunua sahani ya chapati za kubaki mezani, akaona ni tupu, akanitazama kama haamini. Jioni hiyo nilisonga ugali, nikakaanga sukuma wiki na kitunguu kingi, tukala sisi wawili, na nikajipakulia mara ya pili.